Mashine Kubwa Haitaondoa Foleni

Mwaka 2011 kampuni ya Ecotricity ilianza kufunga mashine za kuchajia magari ya umeme kwenye vituo vya mapumziko kando ya barabara kuu za Uingereza. Mwaka 2021 mtandao huo ulichukuliwa na kampuni ya Gridserve, na kazi ya kwanza ya mmiliki mpya ikawa kung'oa mashine zipatazo 300. Madereva walikuwa wamezichoka: zinaharibika mara kwa mara, hazipokei kadi ya benki, na sehemu nyingi ilikuwepo moja au mbili tu. Zilizofungwa badala yake zilikuwa na plagi za aina mbili, na malipo yake hayakumlazimu dereva kupakua programu yoyote kwenye simu. Wapita njia waliona mashine mpya. Wasichokiona, kwa kuwa kiko chini ya lami, ni laini za umeme zilizokwishafika pale ambapo magari husimama.

Hiyo ndiyo mali ya kituo cha kuchajia. Serikali ya Uingereza nayo ilikuwa imeling'amua jambo hilo mapema, maana Novemba 2020 ilitangaza mfuko wa pauni milioni 950 kwa ajili ya vituo vya barabara kuu, na lengo la fedha hizo lilikuwa kuongeza uwezo wa umeme unaofika kwenye vituo. Mashine zingenunuliwa na wafanyabiashara wenyewe.

Hapa Iringa maamuzi ya namna hiyo yangali mbele yetu. Yatafanywa na mwenye hoteli Gangilonga, mwenye sheli Ipogolo, na halmashauri yenye stendi ya Igumbilo. Mazungumzo ninayoyasikia huanzia na kuishia kwenye mashine: ya kilowati ngapi, imetoka nchi gani, inauzwaje, na mwisho mtu anasema tuwekee ile kubwa kabisa tumalize. Kwa maoni yangu hilo ni swali la kuulizwa mwisho. Madereva wangapi utawahudumia mwaka wa tano ni jambo linaloamuliwa na mtaro utakaouchimba mwaka wa kwanza, pamoja na fungu la bei ambalo shirika la umeme, TANESCO, litakuweka.

Kwanza tukubaliane kwa nini Iringa. Barabara ya kwenda Zambia inapita Ipogolo, chini ya kilima ambacho mji umekalia. Kutoka Dar es Salaam ni karibu kilometa 500, kwenda Mbeya ni zaidi ya 300, na barabara ya Dodoma kupitia Mtera ina kama 260. Hakuna gari la umeme la bei ya kawaida litakalomaliza safari ya Dar es Salaam hadi Mbeya bila kusimama, na mahali pa kusimama ni hapa. Gesi asilia ya magari si jibu kwetu: bomba lililozinduliwa mwaka 2015 linatoka Mtwara hadi Dar es Salaam, na hakuna mtu anayelipandisha mlima wa Kitonga. Umeme, kinyume chake, ndio zao la upande huu wa nchi. Mtera inatoa megawati 80, Kihansi 180, Kidatu 204. Njia ya kilovolti 400 inayokwenda Dodoma, Singida hadi Shinyanga, yenye urefu wa kilometa 670, inaanzia Iringa, na ile ya mradi wa TAZA ya kwenda Mbeya, Sumbawanga na kuungana na Zambia inaanzia hapahapa. Tangu Februari 2024, mtambo wa kwanza kati ya tisa ya Bwawa la Julius Nyerere ulipoanza kuzalisha, nchi ilitoka kwenye mgao na kuingia kwenye hali ya kuwa na umeme unaotafuta wanunuzi. Mitambo hiyo tisa, kila mmoja megawati 235, inafanya jumla ya megawati 2,115.

Lakini umeme wa kilovolti 400 unaopita kituo cha Tagamenda hauchaji gari la mtu. Unapaswa kushuka hatua kwa hatua mpaka volti 400 za njia tatu, na hatua ya mwisho ni transfoma iliyo juu ya nguzo za mtaani. Nyingi za hizo ni za kVA 50, 100 au 200, na zina wateja tayari: nyumba, saluni, mashine za kusaga, gereji za kuchomelea. Mashine ya kuchajia ya kilowati 60, ambayo kwa viwango vya leo duniani ni ya kati, huvuta kama kVA 63 ukijumlisha kinachopotea ndani yake, sawa na ampia 90 hivi kwa kila njia. Ya kilowati 150 huvuta karibu ampia 230. Kufunga mashine ya pili kwenye transfoma ya mtaa yenye kVA 100 ni kufunga koki kubwa kwenye bomba dogo: jioni, watu wanapopika na kuwasha taa, majirani wataona balbu zinafifia, na mashine yenyewe itajizima kwa sababu volti zimeshuka.

Kwa hiyo mwenye kituo atahitaji transfoma yake. Hapo ndipo fedha nyingi zinapokwenda, na hapo ndipo kosa la vituo vya kizazi cha kwanza lilipofanyika. Waliovijenga walichimba mtaro unaotosha kebo ya mashine iliyokuwepo, wakamwaga zege, wakapaka rangi. Miaka mitano baadaye wateja walipoongezeka, kila kitu kikabidi kupasuliwa. Gharama ya kuweka bomba la plastiki la pili, tupu, kwenye mtaro ambao umeshachimbwa ni ndogo mno ukilinganisha na kuchimba upya chini ya maegesho yenye magari. Vivyo hivyo msingi wa zege wa mashine ambayo haijaja, na nafasi ya swichi mbili zaidi kwenye kabati la umeme. Haya ni mambo ya mkandarasi wa siku moja, na hayaonekani kwenye picha za uzinduzi.

Sasa nije kwenye ankara, maana hapa ndipo wengi wataumia bila kujua kilichowapata.

Kila mwenye mita ya LUKU anaijua shilingi 356 kwa uniti. Ni shilingi 292 za bei iliyoidhinishwa na EWURA mwaka 2016 kwa fungu la T1, ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, mfuko wa REA asilimia 3 na tozo ya EWURA asilimia 1. Kwa mwenye kituo kidogo hilo ni fungu zuri: analipia uniti tu. Mashine yake ikikaa siku tatu bila mteja, halipi kitu. Ila fungu hilo lina ukomo. Mteja wa volti 400 ambaye wastani wa matumizi yake unazidi uniti 7,500 kwa mwezi anahamia T2, ambako uniti inashuka hadi shilingi 195, lakini kunakuwa na malipo mengine ya shilingi 15,004 kwa kila kVA ya kilele cha mwezi, pamoja na 14,233 za huduma. Kilele maana yake ni ule mzigo mkubwa kuliko yote ambao mita iliusoma mwezi huo. Alasiri moja yenye magari mengi ndiyo itakayobebwa kwenye ankara ya siku zote 30.

Tupige hesabu ya kituo cha kubuni pale Ipogolo, bila kodi. Kina mashine moja ya kilowati 60, magari matano kwa siku, kila moja likichukua uniti 20. Hizo ni uniti 3,000 kwa mwezi, shilingi 876,000 kwa T1. Biashara inakubali. Mmiliki anaongeza mashine ya pili ya ukubwa uleule, na wateja wanafika 13 kwa siku. Uniti zimekuwa 7,800, amevuka mstari. Uniti zenyewe ni shilingi 1,521,000. Lakini mashine zote mbili zikifika kilele kwa pamoja, mita itasoma kVA 126, nazo ni shilingi 1,890,504. Ukijumlisha na huduma, ankara inakuwa 3,425,737, yaani kila uniti imemgharimu shilingi 439. Ameongeza wateja, na umeme wake umepanda kutoka 292. Hajaajiri mtu, hajanunua kipuri, hajalipa mkopo wa mashine.

Dawa yake si kurudi kwenye mashine moja. Kuna mfumo wa kugawana nguvu: mashine mbili, au mashine moja yenye mikono miwili, zinafungwa zisivute kwa pamoja zaidi ya kVA 63. Gari likiwa peke yake linapata nguvu yote; likija la pili yanagawana. Tesla ilifanya hivyo kwenye vituo vyake vya mwanzo, ambapo nafasi mbili za kuegesha zilitegemea kabati moja. Kwa kituo chetu cha Ipogolo ankara inashuka hadi shilingi 2,480,485, na uniti inakuwa 318. Tofauti ni shilingi 945,252 kila mwezi, na imeletwa na mpangilio wa programu. Dereva hapotezi kiasi anachodhani, kwa sababu betri ikishafika asilimia 60 au 70 yenyewe hupunguza kasi ya kupokea. Nguvu inayomegwa kwenda kwa mwenzake ni ile ambayo gari lake lilikuwa limeanza kuikataa.

Kilele cha kVA 126 kitaanza kuwa na maana biashara itakapofika kama uniti 20,000 kwa mwezi, magari 33 kwa siku, ambapo gharama inarudi kwenye shilingi 290 kwa uniti. Mpaka siku hiyo, mwenye kituo anayefunga nguvu zote bila kizuizi anailipia TANESCO uwezo ambao wateja wake hawautumii.

Nilisema mashine kubwa haitaondoa foleni, na nadaiwa ushahidi. Wapo waliokwishaziona foleni za gesi asilia Dar es Salaam: vituo vichache, magari na bajaji vimejipanga hadi barabarani, watu wanalala kwenye viti. Foleni ina hesabu zake, na zilianza na simu. Mwaka 1917 Mdenishi Agner Krarup Erlang wa kampuni ya simu ya Copenhagen alichapisha kanuni za kukadiria ni laini ngapi zinatosha ili wapiga simu wasisubiri mno. Kanuni zilizotokana na kazi yake zinafaa kwa mashine ya kuchajia vilevile. Chukua mashine moja ambayo kila gari hukaa nayo wastani wa dakika 40, na kwa jumla iko kazini nusu ya muda. Nusu tu; mmiliki atasema bado ina nafasi. Lakini magari hayaji kwa miadi. Yanakuja mawili kwa mpigo, kisha kimya, kisha matatu. Kwa hali hiyo wastani wa kusubiri, kabla hujaanza kuchaji, ni dakika 40 nyingine. Ongeza mashine ya pili ya kasi ileile, wateja walewale: wastani wa kusubiri unashuka hadi chini ya dakika 3.

Na ukibadilisha ile moja kwa mashine ya kilowati 120? Kwa magari mengi yatakayopita hapa katika miaka ya karibuni, jibu ni kwamba hutapata kitu. Nissan Leaf, ambalo ndilo gari la umeme la mtumba la Kijapani linalopatikana kwa wingi, kwa matoleo yake mengi halipokei zaidi ya kilowati 50 au hapo karibu hata ukilifunga kwenye mtambo wa Kidatu. Isitoshe betri yake haina mfumo wa kupozwa kwa maji, hivyo ikishachajiwa kwa kasi mara mbili ndani ya safari moja hupata joto na kuanza kujizuia.

Leaf linatuleta kwenye plagi, jambo ambalo kwa mikoa yetu ni zito kuliko ilivyo Ulaya. Gari hilo liliingia sokoni Desemba 2010 likiwa na plagi ya CHAdeMO, mfumo ambao chama chake kiliasisiwa Japani mwaka huohuo na Nissan, Mitsubishi na kampuni ya umeme ya Tokyo, pamoja na wengine. Ulaya ilichagua CCS2, China ikabaki na GB/T yake. Leo vituo vipya vya Ulaya vinaiacha CHAdeMO taratibu, kwa kuwa magari mapya ya huko hayaitumii. Sisi tunanunua magari ya Japani yaliyokwishatumika, na wafanyabiashara wengine wanaleta ya China moja kwa moja. Mtu akinakili orodha ya vifaa vya kituo cha Ulaya cha mwaka huu, atajenga kituo kizuri kisichochaji gari la jirani yake. Sitashangaa pia kuona mashine za CHAdeMO zinazong'olewa huko zikiletwa kwetu kama mitumba. Sina ugomvi na mitumba. Nusu ya gereji za Mlandege zinaishi kwa hiyo. Lakini mashine ya mtumba ipimwe kwa vipuri na kwa programu yake, hoja nitakayoifikia baada ya kupanda mlima.

Kutoka Ruaha Mbuyuni hadi Iringa gari linapanda karibu mita 1,000, sehemu kubwa ikiwa ni zile kona za Kitonga. Kuinua gari la kilo 1,800 pamoja na abiria wake kwa kimo hicho kunakula uniti 5, bila kuhesabu upepo wala msuguano wa matairi. Betri ya Leaf la mwanzo ilikuwa ya uniti 24 ikiwa mpya. Ikibaki na robo tatu ya uwezo wake ni uniti 18. Zaidi ya robo ya hizo inaishia kwenye mlima. Kwenda chini gari linarudisha sehemu ya kile lilichotumia, hivyo anayetoka Mbeya na anayetoka Dar es Salaam hawafiki Ipogolo katika hali moja. Wa kutoka bondeni anafika mkavu na atakaa kwenye plagi muda mrefu zaidi. Anayepanga ukubwa wa kituo cha Iringa kwa takwimu za nchi tambarare atakosea kwa upande huo, na ndiyo sababu Iringa haitafaa kitu bila plagi Ruaha Mbuyuni kwa upande mmoja na Mafinga, kilometa 80 hivi, kwa upande wa pili.

Kimo kina adhabu nyingine ambayo wauzaji huisahau. Viwango vya kimataifa vya transfoma huchukulia mazingira ya kawaida kuwa hadi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Juu ya hapo hewa ni nyepesi, haipozi vizuri, na uwezo unapunguzwa. Mashine nyingi za kuchajia zimeandikwa kwenye kibao chake mwisho mita 2,000. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500, Mafinga inakaribia 1,900, na Njombe iko jirani kabisa na ukomo wenyewe. Soma kibao. Kisha uliza kuhusu kinga ya radi na kipimo cha arthi, kwa sababu masika ya Mufindi hayamsamehe mtu aliyebana matumizi hapo.

Turudi kwenye mashine zilizokufa. Mwaka 2022 Profesa David Rempel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wenzake walizungukia vituo 181 vya umma vya kuchaji kwa kasi kwenye eneo la San Francisco, wakajaribu plagi 657 moja baada ya nyingine. Zilizofanya kazi zilikuwa asilimia 72.5. Nyingine skrini ilikuwa imekufa, nyingine mfumo wa malipo ulikataa, na chache kebo ilikuwa fupi mno kufika kwenye gari. Hilo ni eneo lenye wahandisi wa kompyuta wengi kuliko karibu mahali popote duniani. Kanuni za Uingereza za mwaka 2023 sasa zinadai mitandao ya mashine za kasi iwe hai asilimia 99 ya muda. Marekani, kwenye mpango wake wa dola bilioni 5 wa barabara kuu, ilidai asilimia 97 na angalau plagi nne kwa kituo. Hizo plagi nne hazikuja kwa bahati. Kituo cha plagi moja kikiharibika, dereva aliyetoka kilometa 100 na betri tupu hana pa kwenda, na akirudi kwao atasimulia.

Programu ni kaburi jingine. Oktoba 2024 kampuni ya Enel X Way ilifunga shughuli zake Marekani na Kanada kwa taarifa ya siku chache. Mashine zilizokuwa zikiongozwa na mfumo wake zikabaki bila msimamizi, ingawa chuma chake kilikuwa kizima. Kinga ya hilo ipo na haina gharama ukiidai mapema: mashine izungumze OCPP, lugha ya wazi iliyoanzia Uholanzi mwaka 2009, ambayo inakuwezesha kumwacha mwendeshaji mmoja na kumchukua mwingine bila kubadili mashine. Iandikwe kwenye mkataba, pamoja na haki ya kupewa namba za siri za mfumo. Muuzaji anayekataa sentensi hiyo anakuambia anachokusudia. Kwa malipo, hatuhitaji kurudia safari ya Wazungu ya kadi na programu sita. Nchi inayonunua LUKU kwa simu usiku wa manane haishindwi kulipia chaji kwa lipa namba. Na mafundi wapo karibu kuliko tunavyodhani. VETA iko Iringa na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kiko Mbeya. Kinachokosekana ni mwenye kituo kutenga fedha za matengenezo kabla hajakata utepe.

Nimezungumza kana kwamba dereva ni mwenye gari. Iringa, dereva ni wa bajaji. Anapanda kutoka Ipogolo kwenda Miyomboni, anakwenda Kihesa, anarudi Mkwawa, kutwa nzima. Bajaji ya umeme haiingii CHAdeMO wala CCS2. Inataka soketi ya kawaida isiyofikiwa na mvua, mita, na mahali ambapo betri haitaibwa. Kigali na Kampala wameelekea kwenye kubadilishana betri za pikipiki, kazi ambayo kampuni za Ampersand na Zembo zimeifanya, na kwa bodaboda nadhani wako sahihi. Kwa bajaji, na kwa gari linalolala, soketi ya polepole inatosha. Soketi 20 za kilowati 3.3 zinavuta kilowati 66, karibu sawa na mashine moja ya kasi, na usiku mmoja zinahudumia vyombo 20. Gari lililofungwa kwenye soketi ya namna hiyo kwa muda wa saa kumi linapata uniti 33, zinazojaza Leaf la mwanzo na kubaki. Hoteli za Iringa zinazopokea wageni wa Hifadhi ya Ruaha zinaweza kuanza na soketi chache mwezi huu, kwenye umeme wa njia tatu zilio nao tayari, bila kugusa transfoma. Ningekuwa na fedha za kuboresha kituo chochote kikongwe katika mji huu, nusu yake ningeipeleka kwenye safu ya soketi hizi kabla sijafikiria kilowati 150. Najua haipendezi kwenye uzinduzi.

Mambo mawili hayamo kwenye uwezo wa mwenye kituo. La kwanza ni bei. Kenya iliweka bei maalumu ya kuchajia magari Aprili 2023, shilingi 16 za Kenya kwa uniti, na nusu yake saa ambazo matumizi ya nchi ni madogo. Rwanda mwaka 2021 iliamua kuwapa wenye vituo bei ya viwanda. Mafungu yetu ya 2016 hayaangalii saa: anayechaji saa nane usiku, transfoma za mji zikiwa na mzigo mwepesi, analipa sawa na anayechaji saa moja jioni, na kilele chake cha usiku kinatozwa kVA kana kwamba kimemsumbua mtu. EWURA inaweza kurekebisha hilo bila kumwaga ruzuku, kwa kutoza kilele cha jioni peke yake kwa wateja wa aina hii. La pili ni taarifa. Mtu anayetaka kujenga anapaswa kujua transfoma ya eneo lake ina nafasi kiasi gani kabla hajasaini lolote, na TANESCO ndiyo yenye jibu hilo.

Kwa hiyo mwenye hoteli, mwenye sheli, na nyinyi wa halmashauri: kabla ya kulipa hata malipo ya awali ya mashine, ombeni ofisi ya TANESCO ya mkoa iwaandikie barua ikisema mahali penu pana kVA ngapi zilizo huru leo na ngapi zinaweza kuongezwa, kwa gharama gani na kwa muda gani. Barua ikisema kVA 30, fungeni soketi za polepole na mchimbe mtaro wenye bomba la pili. Ikisema 200, wekeni mikono miwili inayogawana nguvu, CHAdeMO na CCS2, na acheni nafasi ya GB/T. Asiye na barua hiyo asinunue mashine.